Damu ya Upande wa Mama

Miaka kumi na minne kaka yake alisimama kwenye mashine ya kuchambua pamba kiwandani, akila vumbi jeupe asubuhi hadi jioni. Sasa alishinda mkekani, mgongo ukutani, maana akilala chali anakosa hewa. Yeye dada, mfunga marobota ya pamba katika kiwanda hichohicho, alikuwa amekwenda mara nne kuomba kiwanda kimtibu. Mara ya tano daktari wa kiwanda alimwomba kwa upole atoe damu, yeye na mama yao, ilinganishwe na ya mgonjwa. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hawa yaliwatoa damu. Walikunja mikono ya nguo bila kuuliza, wakidhani matibabu ndiyo yameanza.

Baada ya wiki tatu aliitwa, akapewa kiti. Daktari alimweleza taratibu kwamba mtu hurithi kinga ya mwili kama anavyorithi pua, na kwamba ya ukoo wao ni kali mno: ikikutana na vumbi, inageuka kuyala mapafu yenyewe. Kama sivyo, alisema, mbona wafanyakazi wenzake kaka wamevuta vumbi hilohilo na ni wazima?

"Ni wazima, au hawajaanza kukohoa?" aliuliza dada.

"Dada, kiwanda hakitibu ugonjwa wa kuzaliwa nao. Kaka yako aliingia nao getini."

"Aliingia akibeba magunia mawili, daktari. Bila vumbi angeumwa?"

Daktari alipanga karatasi zake. "Bila vumbi hakuna kiwanda."

Kisha akamwambia kwamba na yeye damu yake ni hiyohiyo. Kwa usalama wake, asirudi tena kwenye marobota.

Alifika nyumbani na barua mbili za kuachishwa kazi, ya kaka na yake, akiwa bado na hasira. Mama, asiyejua kusoma, alitaka asomewe neno kwa neno. Akasoma mbiombio, bila kuchuja, mpaka pale palipoandikwa kwamba kasoro hiyo imetoka kwa mama mzazi. Alijuta papo hapo, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Mama aliweka chini kikombe cha maji, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Nisamehe, baba. Sikujua kama nilikuzaa na kifo chako."

Kaka akatikisa kichwa, akafungua mdomo amwambie ni vumbi. Kikohozi kikamshika. Mama akamfuta mdomo kwa upindo wa nguo yake, akaendelea kuomba msamaha.