Wastani kwa Mkono Wake

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye ubao wa ofisi ya walimu. Mkuu anastaafu, nafasi iko wazi, maombi yafike ofisi ya elimu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Walimu walilisoma, kisha wote wakamgeukia makamu.

"Mama Ratiba, kiti hicho ni chako," alisema mwalimu wa michezo, ambaye shule nzima ilimwita Filimbi. "Sisi wengine tutakubebea mkoba."

Walicheka. Naye akacheka, akarudi kwenye ratiba yake ya mitihani. Fomu hakuchukua. Ilifika Jumatano bado hajachukua, na jioni alipopita kwa dada yake mshonaji, alisemwa.

"Miaka tisa unafanya kazi ya yule mzee. Unangoja nini?"

"Dada, naona haya kujipeleka mwenyewe. Nilidhani wangeniita."

"Wakuite wewe ni bibi harusi?" Dada alikata uzi kwa meno. "Toka utotoni uko hivyo. Chakula kikiwekwa, unangoja ukaribishwe mara tatu. Mara ya pili mimi nimeshakila. Na sikuwahi kukuonea huruma, nikwambie tu ukweli."

Alhamisi asubuhi alichukua fomu. Ilitaka iambatanishwe na tathmini za miaka mitatu ya mwisho. Tathmini hizo alizijua. Alikuwa ameziandika yeye.

Shuleni kwao mambo yalikwenda hivi: kila mwisho wa mwaka Mkuu alimsukumia lundo la fomu za tathmini za walimu wote ishirini na wawili, akisema, "Jaza, mimi nitasaini." Alizijaza kwa wiki nzima, kwa uangalifu, akimtafutia kila mtu neno zuri la haki. Filimbi alikuja kumlilia kwamba mkewe ni mgonjwa na cheo kingemsaidia, basi akamwandikia: "Ana kipaji cha uongozi. Wenzake humfuata bila kusukumwa." Fomu yake mwenyewe aliiacha ya mwisho. Mkono ulikataa kumsifu mwenye mkono. Akaandika, "Wastani. Anahitaji kujiamini zaidi," akaiweka juu kabisa ya lundo ili Mkuu aione kwanza, ashtuke, akate, aandike la kwake. Alifanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Fomu zilirudi zimesainiwa, bila hata mkwaruzo.

Aliingia ofisini kwa Mkuu akiwa amezishika zote tatu. Mzee alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye maboksi.

"Mkuu, naomba urekebishe hizi. Au uniandikie barua, useme kazi niliyofanya."

Mzee alizisoma polepole, miwani ikiwa puani. Halafu akacheka mpaka akashika boksi.

"Mwanangu, nani kakufanyia ukatili huu?"

"Niliandika mimi, Mkuu. Nilijua utasoma."

"Nisome kwa nini wakati nina wewe?" Alifuta machozi ya kicheko. "Sikiliza. Nikiandika leo kwamba hizi si kweli, wataniuliza kwa nini nilisaini. Niseme niliandikiwa? Nimebakiza wiki tatu. Sitachafuka wiki tatu kwa ajili yako."

"Miaka tisa, Mkuu."

"Na nakushukuru. Ila nikuulize, na usikasirike. Mtu aliyepewa kalamu na karatasi tupu, hakuna anayemchungulia, akajiandika wastani, nimpe shule? Siku wakubwa wakija kutunyang'anya madawati, si utawasaidia kubeba?" Akamrudishia karatasi. "Usiombe. Utaaibika bure. Halafu nisaidie kitu kimoja, yule Filimbi anataka barua ya pongezi. Iandike vizuri, unajua mwenyewe, nitasaini."

Alitoka na karatasi zake. Barua hakuiandika. Lilikuwa jambo la kwanza kumkatalia Mkuu, na hata hilo alilikataa kimyakimya.

Ijumaa saa tano na nusu alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya elimu. Mbele yake, Filimbi, shati limepigwa pasi, hakujua pa kuweka macho.

"Mama, na mimi nimejaribu bahati. Hujakasirika?"

"Songa mbele, ni zamu yako."

Karani alizifungua tathmini za Filimbi, akasoma kwa sauti, kama mtu aliyechoka na karatasi mbovu na mwishowe kapata nzuri. "'Wenzake humfuata bila kusukumwa.' Ah! Huyu Mkuu wenu anajua kuandika." Akapiga muhuri. Filimbi akatabasamu, akaondoka haraka.

Kisha zamu yake. Karani alifunua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakusoma kwa sauti. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mwalimu," alisema chini chini, "hizi zitakuangusha kabla hawajafika kwenye jina. Aliyekuandikia haya hakupendi hata kidogo."

"Hanipendi, kweli."

"Basi chukua karatasi zako, dada yangu. Muda upo. Nikishapiga muhuri hazitoki tena, zinakaa kwenye faili lako maisha."

Foleni ilianza kunong'ona. Mtu mmoja nyuma alisema kama hawezi kuamua awapishe wenzake. Mama Ratiba, ambaye maisha yake yote alikuwa anapisha, alisogea hatua moja pembeni, miguu ikijiendea yenyewe. Aliiona ikienda. Akairudisha.

"Piga," alisema.

"Una hakika? Hupati, nakwambia."

"Najua sipati. Piga muhuri."

Karani akapiga. Mama Ratiba akageuka, akapita mbele ya foleni nzima mpaka mlangoni. Vipindi vya mchana vilikuwa vinamngoja.