Pale Kanda Ilipokatika

Aliyetaka kunyolewa kimya kimya alikwenda kwa kinyozi mwingine. Kwa Bwana Kanda ulinyolewa na kuhubiriwa kwa pamoja, na kwa kuwa mahubiri yalikuwa ya bure, watu waliyavumilia. Akishakufunga kitambaa shingoni na kukuinamisha kichwa, umekwisha. Utambishia nini mtu ambaye wembe wake uko nyuma ya sikio lako?

Mahubiri yenyewe yalikuwa na mada moja tu: mwaka ule. Mwaka ule, kwa maelezo yake, zilitoka albamu tatu ambazo baada yake wanamuziki wote waliobaki wangefanya uungwana kutafuta kazi nyingine. Ya kwanza, ya bendi yenye tarumbeta nyingi, ilimfundisha kutembea kifua mbele. Ya pili, ya mama mmoja mwenye sauti nzito, ilimfundisha thamani ya kunyamaza, ingawa wateja hawakuona dalili zozote za somo hilo kumwingia. Ya tatu, ya mzee mmoja na gita lake, ilimfundisha mengine yote yaliyobaki. Zote alikuwa nazo kwenye kanda alizorekodiwa akiwa mtoto, na alizipiga kwa redio kaseti ambayo kifuniko chake kilishikiliwa na mpira wa kufungia nywele.

Hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa balaa. Wimbo wake wa mwisho ulikatika katikati ya mstari. Mzee aliimba, "Mwanangu unayekaa mlangoni, ujue mimi..." halafu basi. Kanda ikaendelea kuzunguka tupu, kimya, kwa muda mrefu.

"Umesikia?" Bwana Kanda angeuliza, mashine ikinguruma hewani. "Angeweza kumaliza. Hakutaka. Ametuachia sisi. Huyo ndiye msanii, hawa wenu wa sasa ni..."

Naye hamalizi. Falsafa ya mzee wa gita alikuwa ameimeza nzima nzima, na hakuna aliyewahi kumsikia akifika mwisho wa sentensi yenye uzito. Hata mkewe alimposa kwa maneno haya: "Mimi na wewe, kama ukiona inafaa..." kisha akatazama dari. Mwanamke mwenyewe alikuwa anapiga pasi. Akamwambia haya, inafaa, sasa nipishe nisije nikaunguza shati. Mpaka leo anasema alijiposa mwenyewe. Na wimbo ule Bwana Kanda hakuwahi kuusikiliza kwingine kokote, kwa sababu redio, alisema, zina tabia mbaya ya kukatakata nyimbo.

Sasa redio ya mtaa ilikuwa na kipindi cha mchana ambamo msikilizaji mmoja anaeleza muziki uliomlea. Mtangazaji wake alikuwa mteja wa Bwana Kanda, na ama kwa kumheshimu, ama kwa kutaka kuwagawia wengine mateso yake, akamwalika. Bwana Kanda alianza kujinyoa ndevu kila asubuhi kwa ajili ya redio, ambako hakuna ambaye angemwona. Alimtangazia kila aliyepita mlangoni. Jambo moja tu lilikuwa limebaki: mtangazaji alitaka sauti safi, na zile kanda zilikuwa zinakoroma.

"Zote zipo kwenye simu, baba," alisema binti yake, aliyekuwa akisuka nywele upande wa pili wa chumba hicho hicho. Akatafuta, akabonyeza, akakunja uso. "Mbona huu wimbo wa mwisho ni mrefu kuliko wako?"

"Hauwezi kuwa mrefu kuliko wangu."

"Haya, sikiliza."

Mzee wa gita akaimba mpaka pale pale. Safari hii hakunyamaza. "Mwanangu unayekaa mlangoni, ujue mimi sirudi. Nina nyumba nyingine sasa, na watoto wengine wananiita baba." Kisha gita likaingia kwa raha zake, kama mtu asiye na haya.

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, alicheka mpaka kitambaa kikamvuka. "Kumbe kanda iliisha tu! Miaka yote hii tunafundishwa falsafa ya kanda fupi?"

Bwana Kanda alimaliza nusu ya pili ya kile kichwa bila kusema neno, jambo lililomtisha mteja kuliko wembe. Kanda haikuwa fupi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akavua koti la kazi, akaenda kwa dada yake mkubwa.

Dada alikuwa fundi cherehani. Zamani, akiwa msichana, alifanya kazi katika duka la kurekodi kanda, na yeye ndiye aliyemrekodia mdogo wake zile tatu. Kazi yake ilikuwa kukaa na kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Kukata wimbo katikati ilikuwa mwiko. Mwenye duka alikuwa radhi umwibie kuliko umwaibishe namna hiyo.

"Dada, ule wimbo wa mwisho."

Cherehani ikasimama. "Nani kakupigia wote?"

"Binti yangu."

"Watoto wa siku hizi hawawezi kutulia." Akanyoosha kola ya shati aliyokuwa akiishona, ingawa ilikuwa imenyooka. "Baba alikuwa ameondoka mwaka ule. Wewe kila jioni umekaa mlangoni, magoti kidevuni. Mimi narekodi, ndiyo kwanza nausikia huo wimbo, mzee kafika pale. Kidole kikaenda chenyewe."

"Na umeniacha nihubiri miaka yote hii."

"Ulikuja mbio kuniambia huyo mzee ana akili sana. Ningefanyaje? Ulikuwa umefurahi. Siku ya harusi yako nikajaribu kukueleza, ukaniambia mimi sijui muziki."

Bwana Kanda akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliona aibu, akaona hasira, na chini ya hayo akaona anampenda dada yake.

"Sasa redioni utasema nini?" dada akauliza.

"Nitasema..."

Akaishia hapo, kama kawaida yake. Dada akarudisha mguu kwenye cherehani. Alimjua mdogo wake, hakutegemea zaidi.

"Nitasema baba sikuwa namngoja," akamaliza. "Nilimwona akifunga mizigo, nilijua harudi. Pale mlangoni nilikuwa nakungoja wewe utoke kazini."

Dada alikanyaga cherehani, na mshono ukaenda kombo mpaka ukatoka nje ya kola.