Jezi ya Whitfield

Kendrell Baptiste aliitwa siku mbili tu kabla ya mchezo. Kila mwaka walichaguliwa wachezaji ishirini wa mpira wa kikapu wanaomaliza vyuo kote Marekani, wagawanywe timu mbili, wacheze mchezo mmoja mbele ya wasaka vipaji. Mmoja wao, Lonzo Whitfield, alikuwa amevunjika mguu mazoezini. Basi Kendrell, wa chuo kidogo cha Louisiana, akapanda basi kwenda Kansas City pamoja na bibi yake Earline, aliyemlea.

Katika chumba cha kubadilishia nguo alikabidhiwa jezi ya Lonzo, namba kumi na moja, jina la Lonzo mgongoni.

"Hatukupata muda wa kushona nyingine," kocha alimwambia. "Utanisamehe."

Mchezo ulipoanza, Lonzo mwenyewe alikuja kwa magongo, akaketi kando yake kwenye benchi la akiba. Kendrell hakujua aweke wapi macho.

"Acha kuniangalia kama umeniibia mchumba," Lonzo akasema. "Jezi imekukaa."

"Pole, kaka."

"Pole utanipa baadaye. Unamwona yule mrefu atakayekukaba? Mguu wake wa kushoto mzito. Nimepambana naye miaka minne. Mpitie huko huko mpaka akuchukie."

Kendrell aliingizwa kipindi cha pili. Akapita huko, akafunga. Akapita tena, akafunga. Walipomjia wawili, alimpenyezea mwenzake pasi chini ya kikapu. Kila mara mtangazaji aliita, "Whitfield!" Ukumbi ukamshangilia Whitfield, na wasaka vipaji wakaandika. Huko juu jukwaani Bibi Earline alikuwa akimgeukia jirani mmoja baada ya mwingine: "Huyo ni Baptiste. Mjukuu wangu huyo."

Mchezo uliposimama kidogo, Kendrell alimwona Lonzo akijiinua. Alijikongoja pembeni mwa uwanja hadi kwenye meza ya mtangazaji, akainama, akasema neno. Alirudi jasho likimtiririka.

"Mwenye namba kumi na moja," kipaza sauti kikasema, "ni Kendrell Baptiste, wa Louisiana."

Walishindwa kwa pointi mbili. Msaka vipaji mmoja, wa timu ndogo ya Iowa, alimwomba Kendrell namba ya simu, akamwambia aende kujaribiwa mwezi wa sita. Hakumwahidi zaidi ya hapo.

Nje ya ukumbi Bibi Earline alimkuta Lonzo peke yake.

"Watu wa kwenu wako wapi, baba?"

"Niliwaambia wasisumbuke, Bibi. Sichezi."

"Basi twende tukale."

Mkahawani waliagiza mbavu za kuchoma. Lonzo alitania, akamwiga kocha, akala mbavu tatu. Wa nne ukamshinda. Aliuweka sahanini, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtetemeka.

Bibi Earline alisogeza sahani, akamwekea mkono shingoni. Kendrell akaendelea kutafuna taratibu, macho mezani, ili mwenzake alie bila kutazamwa.