Shibiri Tatu za Kaka

Tangu wamzike kaka yake, mchomeleaji hakuwa anasikia kitu. Si kwamba alijikaza kiume. Huzuni yenyewe ndiyo iliyogoma kuja. Alikula alipoambiwa ale, akalala kulipoingia giza. Kifua chake kilikuwa kama taya lililodungwa sindano ya ganzi: unaligusa, unajua ni lako, basi.

Uani kwa shemeji yake, mjane wa marehemu, kulikuwa na gari lisilo na injini. Ndugu hao wawili walikuwa wameliunda wenyewe, kaka akipima, mdogo akichomelea. Majirani walicheka mpaka wakachoka, na kaka akawajibu, "Mkiona vyaelea, jueni vimeundwa." Futi kamba hakuwahi kuishika hata siku moja. Alipima kwa mkono, ncha ya gumba hadi ncha ya kidole kidogo, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Shibiri.

Sasa mwenye nyumba alitaka nyumba yake, na mjane alikuwa anahamia kwa wazazi wake, mbali. Gari likiweza kutembea, lingeondoka naye. Lisipoweza, muuza skrepa angekuja na mtungi wake wa gesi alikate vipande.

"Shemeji, usijitese," mjane alimwambia. "Kaka yako angeelewa."

"Angeelewa, ila angenicheka," akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya misumari.

Akaenda kwa huyo huyo muuza skrepa kutafuta injini. Ya kwanza ilikuwa ya lori dogo, nzito, ingelivunja gari mgongo. Ya pili ilipigwa rangi mpya, inang'aa kama bwana harusi.

"Hii kuvuja mafuta haijui kabisa," muuzaji akaapa.

Mchomeleaji akapitisha mkono chini yake, ukatoka mweusi. "Inajua vizuri tu."

Ya tatu ilitoka kwenye gari dogo lililogongwa kwa nyuma. Mbele halikuwa na hata mkwaruzo. Kaka alikuwa akisema kila siku, "Tafuta injini ya shibiri tatu, sikio hadi sikio," yaani vile vishikio viwili vya pembeni vinavyoikalisha kwenye fremu. Mchomeleaji akapima. Tatu kamili. Akaichukua pamoja na gia boksi yake, wala hakufurahi.

Siku ya kuifunga, mjane ndiye aliyeshika mnyororo wa winchi, akiushusha taratibu. Sikio la kulia likakaa. La kushoto likabaki hewani, upana wa vidole viwili kutoka kwenye fremu. Mchomeleaji akasukuma, akavuta, akailaumu fremu, akamlaumu muuza skrepa na ukoo wake.

"Kwani ulipima?" mjane akauliza.

"Nilipima. Shibiri tatu. Kaka alisema tatu."

"Za nani?"

Mchomeleaji akautazama mkono wake.

"Glovu zake zilikuwa zinakupwaya, shemeji. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Hakuwa tu amefikiri kwamba ule mkono haupo tena.

"Si ukikate kishikio cha fremu, ukisogeze," mjane akasema. Ilikuwa kazi ndogo. Akawasha mashine ya kukatia, akasimama nayo ikivuma, kisha akaizima.

"Alipopima yeye sipakati."

Badala yake alichonga vipande viwili vya chuma, unene wa kidole kimoja kila kimoja, akavichomelea kwenye masikio ya injini, huku na huku. Injini ikaletwa kwenye kipimo cha marehemu, ikakaa katikati kama iliyozaliwa humo.

Walipoiwasha ilikohoa, ikatoa moshi, ikatulia. Mjane akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga yake. Mchomeleaji akasikiliza injini, akakaza boliti moja. Kifuani mwake bado ganzi.

"Haya, panda ulitoe," mjane akasema.

Akapanda. Akanyoosha mguu, klachi ikaguswa na ncha ya kiatu tu, haikushuka. Kiti nacho walikuwa wamekichomelea kwa kipimo cha miguu ya kaka. Akabaki ananing'inia pale kama mtoto kwenye kiti cha mkubwa, na majirani wakaanza kukusanyika getini.

Mjane aliingia ndani, akatoka na koti la kazi la mumewe. Akalikunja, akalisokomeza nyuma ya mgongo wa shemeji yake. "Sogea mbele kidogo."

Koti lilinuka grisi na chuma kilichoungua. Mguu ukafika, klachi ikazama mpaka chini. Hapo ndipo ganzi ilipoisha. Alilia kwa sauti, usukani mkononi, mbele ya watu wote, na mguu wake ukaanza kutetemeka juu ya klachi.

"Lia, shemeji," mjane akamwambia, akilisukuma geti kulifungua. "Ila usilizime."