Macho ya Sungura

Mimi hujaribu vifungo kwa meno. Wenzangu karakana nzima hunicheka na kuniita Panya, nami huwajibu kwamba mtoto wa miezi tisa hajui kufungua kifungo kwa vidole. Ana fizi na meno mawili, na chochote kilicho mbele yake safari yake ni mdomoni. Meza yangu ndiyo ya mwisho. Sweta likishapita kwangu, lebo yake ikagongwa muhuri, linalofuata ni mwili wa mtoto.

Asubuhi ile yaliletwa masweta mia tatu yenye sura ya sungura kifuani, macho yake vifungo viwili vyeusi. Niliuma jicho la kwanza, likabaki ulimini. La pili vivyo hivyo. Nikageuza upande wa ndani, nikaelewa. Ile mashine mpya ya vifungo inashona kwa uzi mmoja bila fundo, ukivuta ncha tu mshono wote unafumuka kama mdomo wa gunia la unga. Zamani tulishona kwa mkono na kufunga fundo nyuma. Bosi alisema fundo linapoteza muda, na sisi tukaitikia ndiyo bosi.

Nikautia muhuri mfukoni.

"Gari linasubiri," bosi akasema. "Gonga."

"Sigongi."

"Panya, usiniletee vituko vyako leo."

"Si vituko, bosi. Kitinda mimba wangu alikabwa koo na kifungo, akalegea mikononi mwangu. Nilimpiga mgongoni mpaka kikatoka. Na kifungo chenyewe nilikishona mimi, hapa hapa, siku niliyokuwa na haraka. Sirudii tena."

Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, na aibu ilinichoma, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Bosi akanyoosha mkono. "Lete muhuri. Na kesho usije."

Nilimpa. Akampelekea shoga yangu wa meza ya pasi. Shoga yangu akautazama muhuri, akalitazama sweta, kisha akaendelea kupiga pasi zake kana kwamba hakuna aliyesimama pale. Bosi akasonya, akavuta kiti changu, akaanza kugonga mwenyewe, pa! pa! Mkaguzi mpya huyo, na hata kifungo kimoja hakukigusa.

Kazi nilikuwa nimeshafukuzwa, sasa nimwogope kwa lipi? Nikalichukua sweta la kwanza aliloligonga, nikalikunja vizuri, nikaelekea kwenye ngazi. Juu ya karakana ndiko anakoishi bosi na binti yake, ambaye mtoto wake ndiyo kwanza anatambaa.

"Unakwenda wapi?"

"Nampelekea mjukuu wako zawadi. Si limepita? Lina muhuri wako."

Sikumwona akivuka chumba. Nilimkuta tu mbele yangu, ngazi ya tatu, ametandaza mikono toka ukuta hadi ukuta, jasho linamtiririka.

"Hilo halipandi huku!"

Alisikia alichokisema, kama sisi sote tulivyosikia. Nikamsogezea sweta mpaka likamgusa tumbo.

"Basi niambie, babu mtu," nikamwambia. "Nikamvalishe mtoto wa nani?"