Usinisomee, Nioneshe

...na hapo ndipo nilipokwama, kwenye sentensi ya nne ya mwongozo wa zana ya barua pepe, kabla ya kutuma, wakala wa akili mnemba amwoneshe mtu barua yenyewe, neno kwa neno, asubiri akubali, sentensi niliyoiandika mwenyewe jana, na leo Kubat ndani ya kioo cha kompyuta anataka ifutwe, "Dada Syrga, hiyo itachosha watu," anasema, "umeshamwambia wakala mwandikie fulani, kaandika, si akueleze tu kwa kifupi alichoandika, useme sawa, atume? Nani ana muda wa kusoma barua yake mwenyewe?" na Meerim aliyeitengeneza zana, kando yake kiooni, anacheka, mdomo umejaa boorsok, maandazi yetu madogo, hawa mawakala wa akili mnemba hawachoki dada, hawasahau, na kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta, nje theluji ya Bishkek imeshakuwa tope, akueleze kwa kifupi, akueleze... nisomee, bibi alikuwa anasema nisomee, kila Jumapili mchana, kule At-Bashy, meza fupi, jiko la samadi kavu likinguruma, harufu ile Mungu wangu, natamani niinuse hata mara moja tu, mimi nina miaka kumi na ndiye pekee mwenye mwandiko wa kueleweka, Bibi Kalipa hajui hata a, anakunja miguu, anafumba macho, anaanza kutaja salamu za kumpelekea ami Taalay aliyekuwa kibarua wa ujenzi huko Surgut, Urusi, na salamu za kwetu si mchezo, kila mtu wa nyumbani atajwe kwa jina lake, anakusalimu baba yako Sharshen, mzima wa afya, anakusalimu shangazi yako, anakusalimu jirani, mpaka farasi, ukurasa unaisha hujafikia habari yenyewe, na asiyetajwa, kwetu hata mtoto analijua hili, asiyetajwa amekufa na wenyewe wameshindwa kuliandika, nami Jumapili ile ya Februari wenzangu wote wako kilimani wanateleza kwa mifuko ya mbolea, kelele zao nazisikia, mkono unauma, nikaruka mistari, mitatu tu, "Nisomee," akasema bibi, nikamsomea yote, na isiyokuwepo nikaisoma, baba yako Sharshen, mzima wa afya, macho nimeyakaza kwenye karatasi, sauti haikutetereka hata kidogo, "Mwandishi wangu," akasema, akanijaza kurut mkononi, vile vibonge vya mtindi mkavu, "haya, kimbia ukacheze..."

"Dada Syrga, unatusikia?" nawasikia, nipeni dakika moja, Kubat anasema haya lakini tukubaliane leo, anamgeukia Meerim, wanaanza habari za vitufe, na mimi nimeshafika darajani, maana ilikuwa darajani, wiki tatu baadaye, ndipo tuliposikia kilio, mwanaume wa kwetu hafiki msibani kimya, anaanza kulia kwa sauti tangu njiani huku anamwita marehemu, na huyo alikuwa ami Taalay, siku nne za treni na basi, "Baba yanguuu! Baba, umeniacha na nani!" majirani wanatoka milangoni, na babu yuko juu ya paa na koleo anaondoa theluji, akasimama, akavua kofia kwa heshima, "Masikini, nani kafiwa?" ami akaingia uani amejikunja, akainua macho, babu akamuuliza, "Unamlilia nani, wewe?" "Nakulilia wewe, baba!" "Basi subiri nishuke," yaani babu yangu jamani, alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji, akachinja kondoo, na miaka yote iliyobaki akawa anajisifu kwa wageni kwamba yeye ameshasikia atakavyoliliwa na hana malalamiko, nilimpenda sana mzee yule, lakini jioni ami alipoitoa barua mfukoni, imekunjwakunjwa, imelowa, bibi akasema haraka, "Ni mimi huyo, sikumtaja, uzee mwanangu," na hakunitazama, mezani pale alimtazama kila mtu isipokuwa mimi, ndipo nikajua kwamba anajua, na mpaka anazikwa sikuwahi kumwambia, nilikuwa nangoja aniulize.

Hakuuliza, ila Jumapili iliyofuata alisogea mpaka bega lake likagusa langu, nilipofungua mdomo akanizuia, "Usinisomee. Nioneshe. Babu yako yuko wapi hapa?" nikanuna, nikasema bibi, huniamini? "Nakuamini, kipenzi changu," akasema, "nioneshe," nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya Sharshen, kwa herufi zetu jina hilo lina reki mbili zenye meno matatu, moja mwanzoni, moja katikati, akaliangalia mpaka chai ikapoa, na tangu siku hiyo hakuna bahasha iliyofungwa kabla hajaziona reki zake, mama mzima asiyejua kusoma, neno moja tu duniani alilijua... na barua ile ya baada ya arubaini, babu amekwenda kweli, ami ameshakuja tena akilia njia ileile na safari hii hakucheka mtu, bibi akazitaja salamu, akamaliza, akasema nioneshe, kidole kikashuka mstari kwa mstari, polepole, mpaka chini kabisa, kikarudi juu, kikashuka tena, "Hayupo," akasema, "Hayupo, bibi," na kwa mara ya kwanza jina lile lilikosekana nami nikamwambia ukweli, akaulaza mkono juu ya karatasi, akakaa hivyo, "Haya. Funga."

"Dada, nifute mimi?" anauliza Kubat, na mshale uko palepale, mwisho wa sentensi ya nne, tope lilelile dirishani, Meerim hajamaliza hata boorsok yake, na mimi najua sasa nilikuwa naandika kwa ajili ya nani, kuna mama mahali fulani kafumba macho anataja majina, na wakala anamjibu kwa sauti isiyotetereka, nimewasalimu wote, "Usifute," nasema, "aoneshwe barua yenyewe, neno kwa neno, kila mara," Meerim anaguna, "Yaani dada huwaamini mawakala wangu?" nakitoa kidole kwenye kitufe.

"Nawaamini, mdogo wangu," nasema. "Waoneshe."