Samaki Chini ya Kifuniko

Mama fundi hakuzaliwa mwongo. Uongo aliuanza uzeeni, macho yalipoingia ukungu na daktari akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba ukungu ule hauondoki. Aliyejua ni jirani tu, aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano. Bintiye hakuambiwa. Binti alikuwa amepata kazi ng'ambo, na mama alimjua mtoto wake: angesikia habari za macho tu, angefungua mabegi aliyokwisha kuyafunga na safari ingekufa.

Ndiyo maana alikubali zawadi ya kuagana: likizo ya ufukweni, na leo, boti yenye sakafu ya kioo ya kutazamia matumbawe. Asiyeona kupelekwa kuona samaki! Asubuhi alipokuwa akipapasa kutafuta viatu, alicheka peke yake.

Boti ilipopunguza mwendo, alijiweka tayari. Akainama, akapiga kofi.

"Lo! Mwanangu, waone wale wa manjano! Wazuri jamani!"

Nahodha akakohoa.

"Mama, kioo bado sijakifunua. Hicho ni kifuniko cha mbao."

Boti nzima ikaangua kicheko. Basi, mwanangu ameshanikamata, aliwaza, na tusidanganyane, alipata nafuu kidogo. Lakini aliyecheka kuliko wote ni binti.

"Mama na vituko vyako! Utatuvunja mbavu." Akamkumbatia. "Na mimi nilivyokuwa na wasiwasi wa kukuacha! Sasa nimetulia. Kesho napanda ndege roho kwatu."

Mama naye akacheka; angefanyaje? Kifuniko kikaondolewa, watu wakaanza kuitana na kuonyeshana, wakihama huku na huku. Yeye aliona buluu tupu inayotikisika. Mwaka mzima alikuwa ameficha, amefaulu, na hakuna hata wa kumpa pole. Alitamani mtu mmoja tu ajue. Liwalo na liwe, safari na ife! Watu wote walivaa jaketi za kuokolea maisha za rangi moja, naye akaushika mkono uliokuwa ubavuni pake.

"Mwanangu," alinong'ona, "sioni. Sijaona samaki hata mmoja. Nyumbani peke yangu naogopa. Usiende."

Mkono ulikuwa mpana, mgumu, una vinyweleo.

"Mama," sauti ya mwanamume ilisema taratibu, "binti yako kahamia mbele, anapiga picha. Nimwite?"

Mama fundi alitega sikio. Kule mbele bintiye alikuwa akicheka na watu, kicheko cha mtu asiye na mzigo kichwani. Siku nyingi hajamsikia akicheka hivyo.

"Hapana, baba. Mwache."

"Mama!" binti akaita. "Kasa! Anapita hapo chini yako, unamwona?"

Mama fundi akauachia ule mkono, akainama kwenye kioo.

"Namwona, mwanangu!" akaitikia kwa sauti ya juu. "Mkubwa kweli!"